Siku moja maishani mwangu: natembeza oda za panga za Kijapani kwa wahunzi wa mji wa Seki

Saa 11 alfajiri nishaamka. Nafanya kazi kwenye duka la panga hapa Nagoya, Japani, upande wangu ni wateja wa nje wanaoagiza panga mpya kabisa, zinazofuliwa na wahunzi walio hai. Watu wakisikia upanga wa Kijapani akili inakimbilia vitu vya kale vya masamurai, na hapo mimi sichoki kubishana, kuna mafundi wako hai na nguvu zao wanafua chuma leo hii, na oda zikikauka watafunga karakana.

Saa 12 na nusu niko kwenye treni, nabadilisha Mino-Ota, napanda katreni kadogo ka Nagaragawa mpaka Seki. Njiani ni kujibu imeili tu.

Saa 3 kasoro nafika kwa mzee, mhunzi anayetufulia panga. Nainama nasalimia, yeye anaitikia bila kugeuka maana macho yako kwenye moto. Wanagenzi wake wawili wana nyuso nyeusi tii, wamekuwa wanakata mkaa wa msonobari tangu asubuhi. Hao vijana nawaheshimu sana jamani. Sheria inataka ujifunze kwa fundi mwenye kibali, kwa muda mrefu sharti lilikuwa miaka 5, wengi bila mshahara, halafu kuna mafunzo ya siku 8 ya Idara ya Utamaduni, ukishindwa hapo huruhusiwi kufua upanga kwa jina lako.

Saa 3 na nusu kazi inaanza na hapa ndo napapenda. Vipande vya tamahagane, chuma maalumu cha kufulia panga, vimepangwa juu ya bamba la chuma, vimefungwa kwa karatasi iliyolowa, vikapakwa majivu ya mabua ya mpunga na kumwagiwa uji wa udongo, vinaingia motoni. Mzee anavuta mvukuto kwa mkono wa kushoto, anasikiliza. Kweli anasikiliza, sauti ya chuma kikianza kuchemka ndani ndo inamwambia kitoke. Kikitoka anakuwa ameshalowesha fuawe maji, nyundo ikishuka tu paaa! mlipuko, magamba yanaruka, chuma kinabaki kisafi. Kisha kinakatwa katikati, kinakunjwa, kinarudi motoni. Mikunjo 15 inakupa tabaka 32,768, lakini mzee hahesabu tabaka, anaangalia chuma chenyewe kimefikia wapi.

Na chuma hicho hakitoki kiwandani. Kinayeyushwa Okuizumo, mkoa wa Shimane, kwenye tanuru la udongo lililofufuliwa 1977, wanawasha majira ya baridi tu, siku tatu usiku na mchana wanalisha mchanga wa chuma na mkaa, zinaingia tani kama 10 za mchanga na 12 za mkaa, linatoka donge la tani 2.5 hivi na sehemu nzuri ndani yake ni ndogo.

Saa 6 mchana tunakula. Mdogo wangu wa Tanga kanitumia voisi, "Dada, si uninunulie mmoja niweke sebuleni, mtandaoni nimeona wa laki mbili." Nikamjibu mdogo wangu, huo ni wa mashine, hata hapa Japani hausajiliwi, wa fundi mwenye kibali unaanzia kama yen milioni moja, na ndani ya bei hiyo kuna fundi wa kung'arisha, wa ala, wa kola ya shaba ya shinani mwa upanga, kila mmoja na ufundi wake.

Saa 8 ndo kilichonileta. Upanga wa mteja wetu wa Ujerumani ushazimwa kwenye maji ukiwa wa moto, mpindo umejitokeza wenyewe pale pale majini, haukupasuka, na wengi hupasuka. Leo mzee anautia jina. Anakaa chini, anashika patasi ndogo na nyundo, anachonga kwenye mkia wa upanga, kale ka sehemu kanakofichwa na mpini, mguso mmoja baada ya mwingine, tik tik tik, hakuna kufuta. Upande mmoja jina lake na mji, upande wa pili mwaka na mwezi. Tumekaa kimya wote, hata wanagenzi.

Saa 12 jioni nimerudi ofisini, makaratasi. Upanga unasajiliwa bodi ya elimu ya mkoa, ukitoka nchini kadi ya usajili inarudishwa na unapata kibali cha Idara ya Utamaduni, hiyo inachukua wiki kadhaa na mteja lazima aelewe.

Saa 3 usiku napiga simu Ujerumani. Namtumia picha za ile sahihi, anafurahi mpaka anakosa maneno, kisha anauliza wa pili atapata lini, haraka haiwezekani? Namwambia haiwezekani, mhunzi haruhusiwi kumaliza zaidi ya panga ndefu 2 kwa mwezi na mzee ana foleni. Ila yule mwanagenzi mkubwa anaenda kwenye mafunzo mwaka huu, akipata kibali atahitaji mtu wa kumpa oda ya kwanza. Kimya kidogo, halafu akasema, "Andika jina langu." Kesho asubuhi nampigia mzee, maana oda kama hiyo haipiti bila ruhusa yake.