Mkaa wa vifuu na majivu yaliyoniharibia jedwali

Mwaka wa tatu wa kemia, maabara ya kemia ya kifizikia ilitutaka kila mmoja aje na mradi wake. Wenzangu walikimbilia betri na paneli za sola. Mimi nilihesabu nilichonacho: bureti moja isiyovuja (mrija wa kupimia kimiminika tone kwa tone), flaski sita, mizani, na wiki nne. Nikachagua jaribio kongwe la mkaa kushika asidi asetiki, asidi ileile ya kwenye siki, nikabadilisha kitu kimoja tu. Mkaa ningetengeneza mwenyewe, kwa vifuu vya nazi.

Vifuu nilivipata bure sokoni Temeke, kwa mama anayewakunia watu nazi.

"Vya kuwashia moto, mwanangu?"

"Hapana mama, vya shule."

Alicheka, kisha akanijazia kiroba.

Kuchoma kunataka subira. Nilivivunja vipande, nikavijaza kwenye kopo la maziwa ya unga, nikafunika na kutoboa kifuniko tundu moja kwa msumari, kisha nikalitia kopo katikati ya moto. Moshi hutoka tunduni, ukishika moto unawaka kama utambi. Utambi ule ukizimika wenyewe, mkaa umeiva. Usifungue hapohapo! Kopo langu la kwanza nilifungua likiwa la moto, hewa ikaingia, nusu ya mkaa ikageuka majivu machoni pangu. La pili nililiacha hadi asubuhi, ndipo nikatwanga kwenye kinu na kuchekecha.

Jaribio lenyewe ni rahisi kueleza. Molekuli za asidi hunata kwenye kuta za vitundu vya mkaa. Nilianza na asidi ya molari 0.5 (moli 0.5 kwa kila lita), nikaizimua nusu kwa nusu mpaka flaski ya sita, iliyobaki na takribani 0.016. Kila flaski mililita 100 za asidi na gramu 5 za mkaa. Tikisa nusu saa (kwa mkono, mashine ilikuwa na foleni), acha itulie, chuja. Mililita za mwanzo za kuchuja unamwaga, kwa sababu karatasi nayo hushika asidi kidogo. Halafu titresheni: unadondosha haidroksidi ya sodiamu, ambayo ni alkali, kutoka kwenye bureti mpaka fenoftalini, kiashiria cha rangi, igeuke waridi, ujue asidi kiasi gani imebaki.

Flaski za asidi iliyokolea zilikwenda vizuri. Ya sita, bila mkaa, mililita 25 zake zilikuwa zikila karibu mililita 4 za alkali. Baada ya mkaa, tone la pili tu, waridi! Nikafurahi kama mjinga, nikaandika kwamba mkaa wangu umeshika asidi karibu yote. Nilipochora grafu ya Freundlich, logi ya kilichonata kwa kila gramu dhidi ya logi ya ukolezi uliobaki, nukta ambazo zingepaswa kulala kwenye mstari mnyoofu zilipinda kama mkia wa mbwa.

Siku mbili nililaumu bureti. Fundi wa maabara, mzee mmoja mpole, alinisikiliza, kisha akaniuliza, "Umeshautikisa na maji matupu?" Nilikuwa sijafanya hivyo. Nikatia mkaa kwenye maji yaliyokenekwa, nikatikisa, nikachuja, nikadondoshea fenoftalini. Maji yakawa waridi bila tone hata moja la alkali.

Majivu! Vifuu vina potasiamu, na majivu yake hutoa kabonati, alkali tosha. Bibi yangu alikuwa akichuja maji ya majivu kulainishia mboga, nami nimeyala miaka yote hiyo. Asidi ya ile flaski ya sita sehemu kubwa haikunata popote, ilikuwa imebatilishwa na alkali ya majivu. Kwenye asidi iliyokolea hasara hiyo haionekani, ila kwenye ile hafifu ndiyo karibu hesabu yote.

Nikaulowesha mkaa usiku kucha kwenye asidi hidrokloriki hafifu, nikausuuza mpaka maji yakaacha kubadili rangi ya karatasi ya litmasi (mara kumi na moja, nilihesabu), nikaukausha kwenye oveni na kurudia kila kitu. Safari hii nukta tano zilipangana. Ya sita ilibaki juu kidogo ya mstari. Rafiki yangu alinishauri niifute, nikakataa, nikaiwekea duara jekundu. Siku ya kuwasilisha, mtahini hakugusa zile tano. Alikwenda moja kwa moja kwenye duara, akavuta kiti.