Nilivyozitenganisha istilahi za fizikia na kemia zinazokaribiana

Nilipokuwa nikimsaidia mdogo wangu kujiandaa kwa mtihani wa kidato cha pili, niliona kwamba kukariri fasili hakumfikishi mbali, kwa kuwa fasili za istilahi zinazokaribiana nazo hufanana. Kilichotufaa ni kuuliza kila mara: hiki hupimwa kwa chombo gani, na kwa kizio gani?

Tungamo (kiasi cha maada kilichomo katika kitu) na uzito havikutuchelewesha. Tungamo hupatikana kwa mizani ya kulinganisha, katika kilogramu. Uzito ni kani, yaani nguvu ya kuvuta au kusukuma, hivyo hupimwa kwa mizani ya springi, katika nyutoni. Kilo moja ya sukari huvutwa na dunia kwa nyutoni 9.8 hivi na mwezini ingevutwa kwa takriban 1.6, ingawa sukari haikupungua hata chembe. (Sokoni tutaendelea kusema uzito wa kilo mbili, na muuzaji hatakuwa na shida nasi.)

Penye kazi palikuwa joto na jotoridi. Tulitia vipande vya barafu katika sufuria, tukaiweka juu ya moto mdogo na kukoroga bila kuacha, kipimajoto kikiwa ndani. Moto uliwaka, joto likaingia, lakini kipimajoto kiling'ang'ania karibu na sifuri mpaka barafu yote ilipoyeyuka, ndipo kikaanza kupanda. Hapo mdogo wangu akasema mwenyewe kwamba joto ni nishati inayoingia, ilhali jotoridi ni kile kinachosomwa kwenye kipimajoto. Nikamwongezea hesabu: kilo moja ya barafu iliyo kwenye nyuzi 0 huhitaji jouli 334,000 hivi ili iyeyuke tu, nishati inayotosha kuyapandisha maji yake hadi karibu nyuzi 80 za Selsiasi.

Kwenye kemia swali hilo lilikwama, maana mchanganyiko na kampaundi (vitu vilivyoungana kikemia kuwa kimoja) vyote hupimwa kwa gramu. Tukauliza badala yake: vilivyomo hutenganishwaje? Unga wa chuma uliochanganywa na salfa, kwa kiasi chochote kile, hutolewa kwa sumaku. Vikishapashwa moto vikaungana, kwa uwiano wa gramu 7 za chuma kwa gramu 4 za salfa, sumaku haikitoi tena chuma humo.

Atomi (chembe ndogo zinazounda vitu), molekuli (atomi zilizoungana) na elementi (kitu chenye atomi za aina moja tu) zilitushinda kwa maswali yote mawili, tukaishia kuchora viduara. Molekuli ya oksijeni ina atomi mbili za aina moja, kwa hiyo oksijeni hubaki kuwa elementi. Ya maji ina atomi za aina mbili, nayo ni kampaundi.