Mawe ya Moto, Kutoka Goma hadi Bukavu

Goma haina upungufu wa mawe. Moto, yaani pikipiki, iliyonipeleka bandarini ilirukaruka juu ya makoro, lava ya volkano ya Nyiragongo iliyopita katikati ya mji mwaka 2002 hadi ikaingia Ziwa Kivu. Lava hiyo ni ndugu wa basalti, mwamba mweusi wa volkano, na basalti ndiyo hupendwa kwa masaji ya mawe ya moto, yaani kukanda mwili kwa mawe yaliyopashwa: ni nzito, ina chuma na magnesiamu, nayo hukaa na joto.

Koro lenyewe, hata hivyo, halifai. Niliokota moja kando ya njia: matundu ya gesi kila upande, kingo zinakwaruza vidole. Mafuta yakiingia humo sabuni haiyafikii, yanachacha. Likiwa limenyonya maji nalo likawekwa juu ya makaa, linaweza kupasuka. Linalotakiwa ni jiwe lililosuguliwa na mto au mawimbi, bapa, la kujaa kiganja. Madogo ni ya katikati ya vidole vya miguu.

Boti ilikiacha kisiwa cha Idjwi upande wa kushoto. Kijana mmoja mwenye saluni alishikilia kwamba tiba hii ni ya kale na haijabadilika. Nusu ni kweli. Wajapani tangu zamani walipasha jiwe, wakalifunga kitambaa na kulikumbatia tumboni. Lakini masaji ya leo, jiwe likiwa mkononi mwa mkandaji, ilienezwa na Mary Nelson wa Tucson, Arizona, kuanzia 1993. Matangazo hayapendi kutaja mwaka wa juzi namna hiyo.

Bukavu nilikuta kazi inafanywa vizuri. Mawe yalikuwa kwenye sufuria ya umeme yenye maji, taulo chini yake, kipimajoto ndani: nyuzi 50 hadi 55, basi. Mbabula, jiko la makaa, haifai, kwani makaa hayapunguzwi kwa kitufe. Maji yakifika 60 huunguza ngozi kwa sekunde chache. Mkandaji alipaka mafuta kwanza, akalishika jiwe kiganjani mwake, ndipo akalitelezesha kandokando ya uti wa mgongo, si juu ya mfupa, bila kusimama. Jiwe la kutulia mgongoni huwekwa juu ya taulo. Wengi huunguza hapo: mteja analala, jiwe liko wazi juu ya ngozi, mkandaji yuko kwenye simu. Likipoa, anachukua jingine.

Faida ni za kawaida, nazo zinatosha: joto hulegeza misuli, damu hupita vizuri zaidi pale lilipokaa, mkandaji hahitaji kukandamiza sana, na wengi hulala vizuri usiku huo. Malaria haiponi kwa mawe, wala sumu haitoki mwilini.

“Mama, sukari unayo? Miguu inakufa ganzi?” mkandaji aliuliza kabla ya kumlaza mteja aliyefuata. Asiyehisi joto hawezi kusema anaungua. Mwenye homa, kidonda, mishipa iliyovimba au anayemeza dawa za kuyeyusha damu hurudishwa kwa daktari kwanza, mjamzito vilevile. Mawe huoshwa kwa sabuni na dawa ya kuua vijidudu baada ya kila mtu, na maji ya sufuria humwagwa jioni.