Nilivyoizoea miezi ya Kiarabu, nchi kwa nchi

Kazi yangu hapa Maskati ni kutafsiri nyaraka: vyeti vya kuzaliwa, hati za ndoa, matokeo ya shule. Oman, kama Misri na Sudan, Januari, Februari na Machi huziita yanayir, fibrayir, maris, majina yasiyompa taabu Mswahili. Kazi huanza karatasi ikitoka Damascus au Baghdad, kwenye majina ya kale yaliyowafikia kupitia Kiaramu: shubat, adhar, nisan, tammuz, aylul.

Nilibandika orodha ukutani, haikukaa kichwani. Kilichonisaidia ni historia. Vita vya 1973 dhidi ya Israel Wamisri wanaviita vya Uktubar, na Cairo lipo daraja la Sita Uktubar. Wasyria, waliopigana vita hivyo hivyo, wanaviita vya Tishrin. Basi Tishrin ya kwanza ni Oktoba. Ya pili ni Novemba, na Lebanon ilipata uhuru tarehe 22 ya mwezi huo, 1943. Mapinduzi ya Misri ya 1952 ni 23 Yulyu, ya Iraq ya 1958 ni 14 Tammuz. Julai ile ile.

Kanun ndiyo inayotaka utulivu. Kanun ya kwanza ni Desemba, ya pili ni Januari, maana yake ya pili hufungua mwaka na ya kwanza huufunga. Ukipita haraka bila kusoma neno linalofuata Kanun, mtoto wa Desemba unamwongezea umri wa miezi kumi na moja, na umri huo ndio utakaomfuata kwenye pasipoti.

Algeria na Tunisia wamefuata Kifaransa: janfi, fifri, jwan, jwiliya, ut. Morocco wana yao, ghusht (Agosti) na shutanbir (Septemba). Karatasi za Libya za enzi za Gaddafi huandika Hannibal kwa Agosti, na Septemba, mwezi aliotwaa madaraka mwaka 1969, ni al-Fatih.

Kwa hiyo siku hizi naanza na muhuri: nchi gani imetoa cheti? Tarehe baadaye. Yunyu (Juni) na yulyu (Julai) zilizoandikwa kwa mkono nazikuza kwenye skrini, kwani tofauti ni nukta ya herufi nuni na urefu wa herufi lamu tu. Shaka ikibaki, nampigia mwenyewe: "Shahr sitta au shahr sab'a?", yaani mwezi wa sita au wa saba? Waarabu wengi wakizungumza huitaja miezi kwa namba, kama sisi.