Ripoti ya usiku mmoja

Kuna jamaa nilikaa naye chumba kimoja chuoni, kichwa kwelikweli, ila akishapewa kazi yenye dedilaini basi ghafla anakuwa mtu wa usafi. Mwaka ule tulipewa asaimenti ya takwimu, kila mtu aandike ripoti yake halafu baadaye aipresenti darasani, na muda ulikuwepo wa kutosha tu. Wiki ya kukusanya inaingia mwenzangu ana kava peke yake, jina, namba ya usajili na kichwa cha habari, na fonti ya hilo kava ndo alikuwa anaibadilisha kila siku.

Watu walimuita mvivu, mimi nilibisha na bado nabisha, mvivu gani anafua mapazia saa nne usiku? Nilikuwa namwona, akifungua ile data uso unabadilika, hajui aanzie wapi, anafunga laptop, anashusha pumzi, amani inarudi. Hiyo ahueni ndo inayomnogea mtu. Baadaye sana nikakutana na utafiti wa wanasaikolojia wawili, Tice na Baumeister, wa 1997, waliona wanafunzi wanaoahirisha mwanzoni mwa semesta wana stresi kidogo kuliko wenzao, ila mwishoni wanaugua zaidi na maksi zao ziko chini. Nikacheka peke yangu, maana mwanzo wa semesta chumba kizima hakuna aliyekuwa na raha kama yeye.

Maksi lakini kwake walikosea. Usiku wa mwisho alipiga zimamoto mpaka alfajiri, anaingiza data, anakopi majedwali, anachungulia ripoti za watu wa miaka ya nyuma waliandikaje, anabadilisha namba. Akapata A, mimi B+, na iliniuma tusidanganyane.

Siku ya presentesheni lekchara, mama mmoja mpole wa sauti ya chini, akamwambia arudi slaidi moja nyuma. "Hapo umeandika p ni 0.03, hebu tuelezee hiyo 0.03 ni nini."

"Ina maana matokeo ni ya maana, mwalimu."

"Ya maana kivipi?"

Jamaa akageuka kuiangalia slaidi yake mwenyewe kama kaandikiwa na mtu. Jibu lilikuwa kwamba kama kusingekuwa na uhusiano wowote kati ya vile vitu viwili alivyovipima kwenye ripoti, uwezekano wa kupata matokeo kama yale au makali zaidi ungekuwa asilimia 3, basi. Na alilisoma usiku ule, nilimsikia analitamka kabisa! Ila kitu cha usiku mmoja usipokirudia hakikai, mwanasaikolojia mmoja Mjerumani, Ebbinghaus, alishaipima kasi ya kusahau kwa kujifanyia majaribio mwenyewe, akachapisha 1885 huko.

A yake haikuguswa. Ila semesta iliyofuata kozi ikaanzia palepale rigresheni, ile hesabu ya kupima kitu kimoja kinavyohusiana na kingine, ilipoishia, hakuna kurudia, ikawa kila jioni ananikalisha nimfundishe somo ambalo kwenye matokeo kanizidi.