Kidumbak, maiki mbili na kikohozi cha mzee

Mara ya kwanza nilirekodi kidumbak, muziki wa kuchezwa wa Zanzibar, kwa njia niliyoizoea: kila mpigaji peke yake, hedfoni masikioni, kliki ya kompyuta, mlio unaogonga kwa mwendo uleule, ikimwongoza. Siku mbili zikaenda bure. Kidumbak huanza taratibu, nyimbo zikaunganishwa bila kukatika, na mwendo hupanda kadiri wachezaji wanavyochangamka. Kliki haichangamki. Mzee wa fidla akavua hedfoni. "Mwanangu, huyu anayegonga humu ndani mbona ananivuta shati?"

Nikamkumbuka Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, na wenzake, waliokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Upande mmoja dakika tatu hivi, sauti inachorwa papo hapo kwenye nta. Mmoja akikosea, wote mnaanza upya.

Basi tukarudia, safari hii sebuleni kwenye nyumba ya mawe, usiku. Feni nikazima (joto lake usiniulize), mikeka chini, magodoro mawili kwenye ukuta uliokuwa ukirudisha mwangwi. Maiki mbili tu juu ya stendi moja, zimeachana sentimita 17 na kufunguka digrii 110, kama walivyobuni watu wa redio ya Ufaransa.

Kuanzia hapo, kupandisha na kushusha sauti ikawa kazi ya miguu. Mwimbaji hatua moja mbele ya maiki, fidla nyuma yake kidogo upande wa kushoto, vidumbak viwili, zile ngoma ndogo, mbali zaidi. Cherewa, manyanga ya kutikisa, ndizo zilizonitesa. Vitu vidogo, lakini vinameza maneno ya mwimbaji! Nikamrudisha nyuma mpigaji wake, nikamrudisha tena, mpaka akawa mlangoni, nusu yuko barazani. Sanduku, besi ya uzi mmoja, halikusikika mpaka nilipoliondoa juu ya mkeka. Sakafu tupu ikalipatia mngurumo. Kila badiliko tulirekodi dakika moja, tukasikiliza, nikachora chaki miguuni mwa kila mtu. Saa mbili nzima.

Halafu wakapiga mfululizo, dakika kumi na nne. Wanatazamana, fidla inaongeza kasi, ngoma zinaitika bila mtu kuhesabu. Mara ya tatu ndiyo tuliyoichukua.

Mzee aliposikiliza akasikia amekohoa katikati. "Kiondoe hicho."

Nikamweleza kwamba kikohozi kimeingia pamoja na fidla, ngoma na sauti ya Bi mkubwa mwimbaji. Nikikikata, navikata vyote.

Akanyamaza kidogo. "Hebu rudisha nyuma nisikie tena."