Ubao wa gemu ulivyonirudishia mguu

Nilipoteleza uani mwaka juzi, kifundo kilipona kwa wiki sita. Kilichobaki ni woga. Nikawa natembea huku nimeshika ukuta, na kila anayekuja kunitazama wimbo wake mmoja: "Bi mkubwa, umri ushakwenda, kaa kitako." Nikakaa. Miezi minne ya kukaa ikanimaliza kuliko kuanguka kwenyewe.

Mpwa wangu akaja likizo kutoka Muscat na Wii kuukuu, mashine ya gemu ya kwenye TV inayochezwa kwa kupunga rimoti, kainunua kwa mtu kwa bei ya kutupa, pamoja na ule ubao wake wa kusimamia. Siku ya kwanza wajukuu wakanipa rimoti nirushe tufe la bolingi, wakanisihi nivae kikamba cha mkononi. Nikawaambia mimi nimesomesha madarasa ya watoto hamsini, sifundishwi kushika rimoti. Nikarusha. Rimoti ikachomoka, ikapita juu ya kichwa cha mjukuu, ikaingia kabatini kwenye vikombe vya harusi yangu. Vitatu vikavunjika. Tufe kwenye TV halikwenda popote.

Ubao ndio ulioniweza. Una vipima uzito vinne, kila kona kimoja, na unaonyesha umeegemea wapi. Nilidhani nasimama sawa, kumbe mguu usioumia unabeba asilimia 63! Na picha yangu ya katuni kwenye TV ikavimba tumbo kwa uzito wangu. Mashine ile haina adabu.

Mchezo wangu ni wa mipira ya kichwa: unaegemea kushoto, unaegemea kulia, na katikati ya mipira wanakurushia viatu na vichwa vya panda, yule dubu wa Kichina, uvikwepe. Nimebuni ujanja wangu: viti viwili vizito, kimoja kila upande, migongo imenielekea nidake nikiyumba. Miguu peku. Kanga nimeifunga kibwebwe isinitege. Ubao sakafuni, si juu ya zulia, utadanganya. Robo saa baada ya alasiri, basi.

Mjukuu akanisomea kwamba mwaka 2013 watafiti wa San Francisco waliwachezesha watu wa miaka 60 hadi 85 gemu la gari, akili zikachangamka. Nikajaribu la magari lililomo humu ndani. Dakika kumi, kizunguzungu, nikalala nanusa limau. La wenzetu lilitengenezwa kwa kazi hiyo.

Presha bado nameza vidonge, asije mtu akaacha vyake. Lakini ngazi za dari napanda bila kushika ukuta, na jana mguu mbovu umebeba asilimia 48. Jirani yangu wa "kaa kitako" kaja kuuliza ubao unauzwa wapi. Nimemwambia alete vikombe kwanza.